Paul Mauser na komeo la bunduki

Leo tunaleta maisha ya mtu ambaye hakukanyaga Tanganyika hata siku moja, lakini kazi ya mikono yake ilifika Uvira, ikavuka Ruzizi, ikaenda mpaka Tabora. Jina lake Paul Mauser. Wengi wanalijua jina hili kama jina la bunduki tu. Kumbe lilikuwa jina la mtu, mtoto wa fundi maskini.

Tunamwandika juu ya mabishano moja ya mafundi ambayo hayajaisha mpaka leo. Fundi wa bunduki akinunua komeo jipya pamoja na nyumba yake, vyuma vinavyotoka fabriki vikiwa bado vinang'aa, je, avinyooshe kwanza juu ya mashini ya kukereza mbele ya kufunga mtutu, ao aviache vile vilivyo? Watu wa mgodi wanayajua maneno ya namna hii. Pompi mpya ya kutoa maji shimoni ikifika, kuna fundi anayesema mpya ni mpya, tuifunge tu, na kuna mwingine anayeomba kwanza rula na vipimo. Tofauti ni hii: pompi iliyofungwa upande itakula vyuma vyake, itasimama, watu watanung'unika. Komeo la bunduki lililokaa upande liko karibu kabisa na jicho la mtu.

Mauser alizaliwa tarehe 27 Juni 1838 Oberndorf, mji mdogo kando ya mto Neckar, katika ufalme wa Württemberg, kusini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika fabriki ya bunduki ya mfalme palepale. Paul alikuwa kitinda mimba wa nyumba yenye watoto wengi, na mshahara wa baba ulikuwa mdogo. Akaingia fabriki akiwa bado mtoto, akapewa tupa.

Hapa tusimame kidogo. Siku zile, kule Oberndorf, bunduki ilikuwa kazi ya tupa. Kipande kilitoka kikiwa kinene kupita kiasi, fundi akakipiga tupa, akakijaribu, akakitoa, akakipiga tena, mpaka kikaingia mahali pake. Ndiyo maana bunduki mbili zilizotoka mkono mmoja, wiki moja, hazikuweza kupeana vipande. Kijana Paul alikomaa ndani ya mavumbi ya chuma ya kazi ile. Kwake bunduki mpya ilikuwa ile ambayo fundi amemaliza kuipiga tupa jana, basi.

Mwaka 1859 akachukuliwa uaskari, akawekwa kwenye ghala ya silaha ya Ludwigsburg. Huko aliitazama sana bunduki ya Prussia iliyoitwa Dreyse, yenye sindano ndefu ndani ya komeo. Ilikuwa bunduki ya maana, lakini askari alipaswa kufanya matendo mengi kabla ya kupiga risasi moja. Paul akatafuta namna ya kufanya komeo lenyewe, kwa kuzungushwa tu, livute sindano nyuma iwe tayari. Kaka yake Wilhelm, aliyemzidi miaka 4, alifanya naye kazi. Wilhelm hakuwa na mkono wa Paul, lakini alikuwa na mdomo, na mvumbuzi asiye na mtu wa kumsemea anakufa na uvumbuzi wake ndani ya sanduku.

Wakubwa wa majeshi waliwakatalia. Halafu mwaka 1867 Mwamerika mmoja, Samuel Norris, mtu wa kampuni ya Remington, akafanya mapatano nao, akawapeleka Liège, Ubelgiji, mji wa mafundi wa bunduki tangu zamani. Mwaka uleule jeshi la Ubelgiji lilikubali bunduki ya Albini, ya risasi mojamoja. Msomaji alishike jina hilo, tutalikuta tena huku kwetu. Norris akaandikisha uvumbuzi wao Marekani, jina lake likiwa pamoja na majina yao, kisha pesa alizoahidi zikakauka. Mwisho wa 1869 Paul akarudi Oberndorf mikono mitupu.

Lakini Prussia ilikuwa imeanza kuitazama bunduki yao, na ndiyo Mauser ya 1871. Tusifikiri ndugu hawa walitajirika siku hiyo. Serikali ilitengeneza bunduki ndani ya fabriki zake yenyewe, ikawaachia wenye uvumbuzi kazi ya vipande vya kulengea tu. Baadaye ufalme wa Württemberg ukawapa kazi ya bunduki 100,000, na mwaka 1874 wakanunua ile fabriki ya mfalme ambamo baba yao aliuza jasho lake.

Bunduki 100,000 huwezi kuzimaliza kwa tupa. Hapo ndipo maisha ya Mauser yanagusa mabishano yetu. Yule aliyelelewa na tupa sasa alipaswa kuiondoa tupa. Mashini zikate kila kipande sawasawa na mwenzake, na mbele ya kila meza kuwe na vipimo vya chuma: kipimo cha ndiyo, ambacho lazima kiingie, na kipimo cha hapana, ambacho lazima kikatae. Kipande kinachokubali vyote viwili, ao kinachokataa vyote viwili, kinatupwa. Kazi ya kunyoosha ilitoka kwa fundi wa mwisho, ikarudi nyuma kwa mtu wa mashini na mtu wa kipimo.

Wilhelm akafa mwaka 1882, Paul akabaki peke yake na mzigo. Mwaka 1887 Waturuki wakaagiza bunduki kwa mamia ya maelfu. Nao hawakuamini maneno ya fabriki: walituma watu wao kukaa Oberndorf na kukagua bunduki kabla ya kuzipokea, na nyumba iliyojengwa kwa ajili yao bado inaitwa nyumba ya Waturuki. Mnunuzi mwenye akili haulizi kama kitu ni kipya, anauliza nani amekipima.

Tufike kwa Wabeleji. Mwaka 1889 watu wa Liège waliungana, wakaanzisha fabriki ya Herstal, ile FN inayojulikana dunia nzima, kusudi watengeneze bunduki 150,000 za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Hii Mauser ya 1889 ilikuwa kitu kingine kabisa kuliko ya 1871. Komeo lilikuwa la kipande kimoja, na mbele yake kulikuwa na meno mawili, la huku na la huku, yanayozunguka na kushika ndani ya nyumba yake, palepale nyuma ya risasi. Askari alisukuma risasi 5 ndani kwa mara moja. Mji ambao Paul alitoka bila pesa miaka 20 mbele yake sasa ulikuwa unatengeneza bunduki yake.

Meno yale mawili ndiyo roho ya habari. Risasi ikilipuka, nguvu yote inayosukuma nyuma inabebwa na meno. Kama yote mawili yanagusa sawasawa, mzigo unagawanyika. Kama moja linagusa na lingine linaelea, hata kwa unene wa unywele, moja linabeba kwa wawili, na komeo linajipinda kidogo kila mara. Bunduki inaanza kutawanya risasi, na siku zikienda jino linachoka. Vilevile uso wa nyumba pale mtutu unapokalia, na uso wa komeo unaoshika ganda, lazima vikae mraba na njia ya risasi. Hayo ndiyo fundi anayoyaita kunyoosha.

Je, fabriki ya Mauser yenyewe iliamini mashini zake mia kwa mia? Jibu liko juu ya bunduki zake. Tazama Mauser ya zamani ya kijeshi: namba iliyopigwa juu ya nyumba imepigwa tena juu ya komeo lake. Komeo lilipimwa pamoja na nyumba moja, likaandikwa jina la nyumba hiyo kama mke na mume mbele ya serikali. Kwa hiyo, pamoja na vipimo vyote, mahali pale pa hatari hawakumwambia askari aokote komeo lolote.

Mwaka 1898 ikatoka ile kubwa ya mwisho. Mauser akaongeza jino la tatu nyuma, lisilobeba kazi ya kila siku, linalongoja tu kama mawili ya mbele yakivunjika. Akatoboa pia matundu ya kupitisha moshi na moto pembeni kama ganda likipasuka. Wamarekani walichukua mawazo yake kwa bunduki yao ya 1903, wakalipa dola 200,000. Yeye mwenyewe alikaa bungeni Berlin miaka michache, lakini hatuoni kama bunge lilimshinda atelie. Mwaka 1901, akijaribu bunduki mpya ya kujijaza yenyewe, ikamlipukia, akapoteza jicho moja. Alikuwa na miaka 63. Hakuacha kazi. Alikufa tarehe 29 Mei 1914, palepale Oberndorf.

Wiki 11 baadaye, tarehe 15 Agosti 1914, Wadachi walishambulia Mokolobu, karibu na Uvira, wakaharibu mitumbwi. Vita vya Wazungu vilikuwa vimefika ku ziwa. Wadachi walikaa Usumbura, Wabeleji Uvira, na kati yao maji na bonde la Ruzizi. Askari wengi wa Wadachi walikuwa bado na Mauser ya 1871, ile ya risasi moja yenye baruti ya moshi mwingi: akipiga tu, wingu linaonyesha mahali alipolala. Upande wa Force Publique wengi walikuwa na Albini, na wengine Mauser ya 1889 ya Herstal. Basi watoto wa Kongo na watoto wa Urundi na Tanganyika walipigana na mawazo ya mzee mmoja, ya ujana wake upande huu wa mto na ya utu uzima wake upande ule.

Na Liège ilikuwa imeanguka mikononi mwa Wadachi tangu mwezi uleule wa Agosti. Herstal haikuweza kutuma kitu. Kwa jeshi lililo mbali vile, komeo likivunjika, kilichobaki ni kutoa komeo la bunduki nyingine iliyokufa na kulipima ndani ya nyumba isiyo yake. Namba hazikulingana, ilibaki macho na vidole vya fundi. Hata hivyo safari ilikwenda. Tarehe 6 Juni 1916 kundi la Olsen, yule Mdenmark wa Force Publique, likaingia Usumbura, tarehe 28 Julai Kigoma, na tarehe 19 Septemba Tabora ikachukuliwa. Wapagazi waliobeba risasi zile kichwani hawana namba iliyopigwa juu ya chuma chochote.

Baada ya vita ya 1945, Herstal ikaanza kuuza komeo la Mauser na nyumba yake peke yake, jipya, bila mtutu, kwa mafundi wanaojenga bunduki za kuwindia. Ndipo mabishano yakawaka kweli. Fundi aliyezoea kuokota Mauser ya vita alijua dawa: aikague, ainyooshe. Bunduki za mwisho wa vita zilitengenezwa haraka, nyingine na watu waliolazimishwa kazi. Lakini hii mpya je?

Kuna jambo ambalo wapenda kukata wanalisahau. Chuma cha Mauser ya zamani kwa ndani ni laini, ili kisipasuke kama chungu. Kilichopikwa kikawa kigumu ni ngozi ya juu tu, nyembamba. Fundi anayesugua mahali pa meno ili yagusane vizuri, akizidisha kidogo, anavua ile ngozi. Siku ya kwanza kila kitu kinapendeza. Halafu meno yanaanza kuzama ndani ya chuma laini, nafasi nyuma ya risasi inaongezeka, ganda linanyooka, mwishoni linakatika, na moto unarudi kwa mwenye bunduki. Amelipa pesa ili kitu kizima kiharibiwe.

Makomeo ya leo yanayotengenezwa kwa bunduki za kulenga shabaha yanakatwa na mashini zinazoongozwa na kompyuta, na mara nyingi mahali pa maana panamalizwa baada ya chuma kupikwa. Kwa nyumba nzuri ya kazi, kosa linalobaki ni dogo kuliko lile ambalo mashini ya kukereza iliyochoka ya fundi itaongeza. Sisi tunasimama na fundi anayepima kila kitu na kukata mara chache. Anayeandika kunyoosha juu ya kila fakturi, hata ya komeo lililotoka jana kwa watengenezaji wa kuaminika, anauza mavumbi ya chuma. Na yule anayefunga mtutu bila kupima, kwa sababu karatasi inasema jipya, huyo tusimpe hata pompi. Bunduki ikitawanya risasi, mara nyingi kosa linapatikana kwenye mtutu na chumba cha risasi, ambavyo fundi huyohuyo amekata, kabla ya kupatikana kwenye komeo.

Kupima kwenyewe hakuchukui siku nzima. Fundi mwenye ruhusa ya serikali anapaka meno rangi nyembamba ao masizi ya taa, anafunga komeo, anafungua, anatazama mahali palipofutika: meno yote mawili ao moja. Anaingiza chuma kilichonyooka ndani ya nyumba, anakizungusha, saa ya kipimo inaonyesha kama uso umelala. Mwisho kipimo cha ndiyo, kisha kipimo cha hapana, mtutu ukiwa umefungwa. Anayekuja kuchukua bunduki yake aombe namba hizo juu ya karatasi, za kabla ya kukata na za baada, hata kama fundi hakukata kitu.