Thomas Midgley, mtu aliyetuletea gesi ya friji

Ukishuka basi Segera au Korogwe mjini mchana wa jua kali, utaona mabucha yenye friza inayonguruma pembeni. Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri, pengine aliyenunuliwa mnadani Handeni, isipoisha kufikia jioni huhifadhiwa humo. Wasikilizaji wetu wengi wanajua kwamba friza inahitaji umeme na gesi. Leo tunamtazama mtu aliyehusika zaidi na hiyo gesi, kwa mema na mabaya.

Thomas Midgley alizaliwa mwaka 1889 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alisomea uhandisi wa mitambo, na kemia akajifunza kazini. Mwaka 1921, akiwa na kampuni ya magari ya General Motors, aligundua kwamba petroli ikichanganywa na dawa yenye madini ya risasi, injini haigongi. Magari yakaenda vizuri, lakini moshi wake ukasambaza sumu. Midgley mwenyewe aliugua kwa sumu hiyo, na wafanyakazi kadhaa wa viwandani walikufa, lakini aliendelea kuitetea.

Wakati huo friji zilitumia gesi za hatari, nyingine zenye sumu, nyingine za kuwaka. Bomba likivuja usiku, familia nzima iliweza kufa usingizini. Mwaka 1928 Midgley na wenzake wakatengeneza gesi mpya isiyowaka wala kudhuru anayeivuta kidogo. Ikaitwa Freon. Mwaka 1930 aliivuta mbele ya wanakemia wenzake, kisha akaipuliza kwenye mshumaa, nao ukazimika. Tangu hapo friji ikawa kitu cha kuweka jikoni bila hofu.

Mwaka 1940 Midgley alipooza kwa polio. Akajitengenezea kamba na kapi za kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amekufa, amenaswa na kamba hizo. Alikuwa na miaka 55.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1974, wanasayansi walionyesha kwamba gesi yake inapanda juu na kula tabaka la ozoni linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 nchi zilikubaliana huko Montreal kuipunguza. Gesi nyingi zilizofuata haziharibu ozoni, lakini zinapasha dunia joto. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali, hapa jirani Rwanda, zikakubaliana kuzipunguza nazo.

Hapa ndipo hesabu inapotugusa. Gesi iitwayo 134a, iliyomo kwenye friji na friza nyingi, inapasha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Gramu 100 zikivuja, madhara yake ni kama kuchoma lita 50 hivi za dizeli. Ni kweli, sehemu kubwa ya joto linalotokana na nyama ya ng'ombe hutoka kwa ng'ombe mwenyewe, anapocheua. Na nyama ikioza kwa kukosa baridi, ng'ombe huyo amechinjwa bure. Kwa hiyo hatusemi tuzime friza. Tunasema zisivuje.

Friza yako ikipoteza baridi, usikubali fundi ajaze gesi tu na kuondoka. Gesi haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Mwambie atafute tundu na kuliziba kwanza, na asiachie gesi ya zamani hewani. Ukinunua friza mpya, soma kibandiko cha nyuma. Ukiona R600a, hiyo inapasha dunia joto kidogo sana, ila inawaka, kwa hiyo mpe fundi anayeijua.

Midgley alikufa bila kujua gesi yake inafanya nini huko angani. Sisi tumeshaambiwa.