Naegele: Tabibu aliyewaachia wakunga hesabu ya siku za uzazi

JINA la Franz Karl Naegele linafahamika kwa kila mkunga aliyepita chuoni, kwa kuwa hesabu inayobeba jina hilo ndiyo inayotoa tarehe ya matazamio ya kujifungua kwenye kadi ya mjamzito, iwe Dar es Salaam au katika zahanati ya delta ya Rufiji.

Naegele alizaliwa Julai 12, 1778 mjini Düsseldorf, Ujerumani. Baada ya kusomea udaktari alitibu wagonjwa katika mji wa Barmen, na mwaka 1807 akahamia Chuo Kikuu cha Heidelberg, ambako alikuja kuwa profesa wa elimu ya uzazi na mkuu wa hospitali ya wazazi. Mkwewe, Profesa Franz Anton Mai, alikuwa mwalimu wa wakunga katika mji huo huo.

Zama hizo, mama mwenye nyonga nyembamba alikuwa hatarini kufa katika uchungu. Upasuaji wa kumtoa mtoto ulifanyika kwa nadra, na mara nyingi mama hakupona. Mwaka 1756 matabibu wa London walikubaliana kwamba mama wa aina hiyo anaweza kuanzishiwa uchungu kabla ya siku zake kutimia, mtoto angali mdogo. Mai aliipendekeza njia hiyo nchini Ujerumani mwaka 1799.

Tatizo likabaki kuwa wakati. Mtoto akitolewa mapema mno, mapafu yake hayajakomaa, akicheleweshwa, hapiti. Pasipo hesabu ya siku, tabibu alibaki kukisia.

Naegele alishughulikia pande zote mbili. Mwaka 1839 alichapisha utafiti wake kuhusu nyonga iliyopinda upande mmoja, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Katika kitabu alichowaandikia wakunga, kilichotoka mwaka 1830, alifundisha kanuni nyepesi: chukua tarehe ya hedhi ya mwisho, rudi nyuma miezi mitatu, ongeza siku saba. Kwa kanuni hiyo, hedhi iliyoanza Machi 10 huelekeza Desemba 17, yaani siku 280 hivi.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, kwani Mholanzi Herman Boerhaave alikwishaieleza hesabu hiyo karne moja kabla yake. Aidha, maandishi yao hayakubainisha vema iwapo kuhesabu kunaanzia siku ya kwanza ya hedhi au ya mwisho. Vitabu vya baadaye vilishika siku ya kwanza. Hata hivyo, ni watoto wanne au watano tu katika kila 100 wanaozaliwa siku iliyotajwa.

Uamuzi wa kuanzisha uchungu hadi leo unasimama juu ya hesabu hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aanzishiwe uchungu pindi inapojulikana kwa hakika kuwa ametimiza wiki 41. Linataka pia kazi hiyo ifanyike mahali penye uwezo wa kumpasua ikibidi, na mama asiachwe peke yake akiwa chini ya dawa.

Masharti hayo ni mazito katika delta, Wilaya ya Kibiti. Mjamzito wa Salale husafiri kwa boti kati ya mikoko hadi Nyamisati, kisha hushika barabara kuelekea Kibiti, na maji yakipwa chombo husubiri. Tarehe ikikosewa kwa wiki mbili, huenda akaanzishiwa uchungu mtoto hajakomaa, au akabaki kisiwani siku zimepita huku kondo la nyuma likichoka kumlisha mtoto.

Ndiyo maana kuhudhuria kliniki mapema kuna faida kubwa. Mama akikumbuka kwamba hedhi ya mwisho ilikuja siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, mkunga amepata pa kuanzia. Altrasaundi ikipatikana kabla ya wiki 24, hesabu husahihishwa.

Naegele alifariki Januari 21, 1851 mjini Heidelberg. Mwanawe Hermann, naye tabibu wa uzazi, alifariki mwaka huo huo. Kanuni aliyowafundisha wakunga haihitaji mashine wala umeme, ila kalenda na mama anayeikumbuka tarehe yake.