MWALIMU ALIYETETEA SHULE KWA KALAMU

Katika mwambao wa Rumonge, Marehemu Julius Kambarage Nyerere hukumbukwa zaidi kwa usuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kazi aliyoanza mwaka 1996 na kuishika hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Lakini kabla ya siasa, mtu huyu alikuwa mwalimu.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora na Pugu. Mwaka 1955 aliiacha kazi hiyo ili aongoze chama cha TANU. Mwezi Machi 1967, akiwa Rais wa Tanzania, alitoa kijitabu kiitwacho Elimu ya Kujitegemea.

Kijitabu hicho kinamfaa askari, maana hoja zake zimepangwa mithili ya mpango wa vita. Kwanza Mwalimu anauliza shabaha: shule ni ya nini? Pili anapima uwanja kwa hesabu. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wameongezeka kutoka 490,000 mwaka 1961 hadi 825,000. Hata hivyo, katika kila 100 waliomaliza, kama 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Tatu anazitaja kasoro waziwazi, ingawa serikali ni yake mwenyewe: shule ziliwaandaa wachache, zikawaacha walio wengi wakijiona wameshindwa. Ndipo anaposhauri elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, shule iwe na shamba lake, na mtihani upunguziwe uzito. Msomaji hufika mwisho akiona kwamba uamuzi huo angeutoa hata yeye.

Hoja ilishinda, lakini utekelezaji ulikuwa mgumu. Mwaka 1974, huko Musoma, TANU iliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi. Madarasa yakajaa, walimu wasitoshe. Vijana waliomaliza darasa la saba wakawa wanajifunza ualimu huku wakifundisha, na ubora wa masomo ukashuka.

Basi anayeandika leo kutetea shule asiishie kuhesabu madarasa na madawati. Aeleze pia mwalimu atatoka wapi, atafunzwa na nani, na kwa muda gani. Sisi tuliopita kambini twalijua jambo hili: kuruta hulenga shabaha kwa kadiri mkufunzi wake alivyojua kumwelekeza. Mtoto wa shule naye ni vivyo hivyo.