Peyton Rous: Mtafiti aliyesubiri miaka 55 kupata Tuzo ya Nobel

Leo tunamkumbuka Peyton Rous, mtafiti Mmarekani aliyezaliwa Baltimore mwaka 1879.

Mwaka 1909, akiwa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, aliletewa kuku mwenye uvimbe kifuani. Rous aliusaga uvimbe huo, akauchuja kwa kichujio kinachozuia seli na bakteria, kisha akawadunga kuku wazima maji yaliyopita. Nao wakapata saratani. Kilichopenya kilikuwa kirusi.

Alichapisha matokeo mwaka 1911, lakini wengi hawakumwamini. Baadhi walidai kichujio kilipitisha seli. Wengine walisema maradhi ya kuku hayamhusu binadamu. Rous akageukia kazi nyingine, ikiwemo njia ya kuhifadhi damu iliyosaidia majeruhi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Miaka ya 1930 alirejea kwenye virusi, safari hii akichunguza sungura.

Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1966, akiwa na miaka 87. Alifariki mwaka 1970.

Msikilizaji, leo tunajua kwamba kirusi cha HPV husababisha saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo maana wasichana wetu wanachanjwa mapema, kabla hakijawafikia.