Fumo Liyongo na Wakuu wa Karata

Karata tunazocheza barazani zina kopa, uru, shupaza na pau. Majina haya tuliachiwa na Wareno, na kwa lugha yao maana yake ni vikombe, dhahabu, panga na marungu. Ndizo alama zile zile zilizomo katika karata za taroti, ambazo zilianza kuchezwa kaskazini ya Italia katika karne ya 15, nazo zilikuwa mchezo tu kama huu wetu. Wafaransa ndio waliokuja kuzipigia ramli, katika karne ya 18. Na kabla ya Wazungu, Waislamu wa Misri zama za Mamluki walikuwa na karata zao za vikombe, sarafu, panga na magongo, ila mfalme na manaibu wake waliandikwa jina tu, bila sura ya mtu.

Msomaji asinifahamu vibaya. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, nami sina haja na ramli. Kilichonivuta ni wale wakuu 16 wa taroti: katika kila alama yupo mfalme, malkia, mpanda farasi, na kijana mtumishi ambaye ni kama ghulamu wetu. Wenye kuwafasiri husema kila mmoja ni tabia. Mfalme ni mwenye amri, na ubaya wake ni hofu ya kunyang'anywa. Malkia hufahamu mambo ndani kwa ndani na kutenda bila kelele. Mpanda farasi ni mtu wa vitendo, hakai akatulia. Ghulamu bado ni mbichi, mbeba ujumbe wa wengine. Niliposikia habari hizo sikumfikiria mfalme yeyote wa Ulaya. Nilimfikiria Fumo Liyongo.

Sisi tulioko Masalani hatuna haki ya kumsahau. Mto Tana unaopita hapa ndio unaoteremka hadi Ozi na Kipini, nchi yake Liyongo, na msitu ulioko kati yetu na Lamu ni wa Waboni, wawindaji kama wale wa msituni waliomo katika kisa chake. Wagala nao, ambao Waorma wa leo ni jamaa zao, ndio waliomwoza binti yao. Aliishi lini? Wataalamu wanavutana kwa karne nyingi, wengine wakimweka mbali sana na wengine wakimleta karibu na mwaka 1600. Habari zake zilichapishwa London mwaka 1870 katika kitabu cha Edward Steere, na utendi wake tunao katika mswada wa mwaka 1913 wa mkono wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu.

Liyongo alikuwa mtu wa Shaka, mrefu, mwenye nguvu za ajabu, tena malenga. Sultani wa Pate alikuwa jamaa yake, na wengine husema walikuwa ndugu wa baba mmoja waliogombea kiti. Siku moja Wagala walifika Pate kununua chakula, na sultani akawasifia Liyongo. Akaitwa. Mwendo wa siku nne akautembea kwa siku moja, akapiga panda hata ikapasuka, na mkobani mwake akatoa kinu, mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga! Wagala wakataka mbegu yake, wakamwoza, akazaliwa mtoto wa kiume.

Sifa hizo zilitoka kinywani mwa sultani mwenyewe, na ndizo zilizomkosesha usingizi. Hapo ndipo ninapomwona mfalme wa karata: amri anayo, mali anayo, lakini kila akitazama anamwona mrithi. Akawaahidi watu wa msituni reale mia wamletee kichwa cha Liyongo. Nao wakabuni hila ya kikoa, kula makoma kwa zamu, kila mtu siku yake apande mkoma na kuwaangushia wenzake, ili zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Mikoma hii tunaiona kila siku kando ya mto, na aijuaye anajua mtu akiwa kileleni hana pa kukimbilia. Zamu yake ilipofika Liyongo hakupanda. Aliyaangua makoma kwa mishale yake, amesimama chini!

Baadaye alinaswa katika ngoma, akatiwa gerezani kwa minyororo. Waliomtoa ni wanawake wawili, na kwangu mimi hao ndio bora wa kisa chote. Saada, kijakazi, alikuwa akimletea chakula, na walinzi walikila kizuri wakamwachia makombo. Liyongo akamtuma kwa mama yake, nao wakatia tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wakaudharau, ukamfikia. Akaomba achezewe gungu kabla ya kuuawa, na watu walipopiga matari na siwa yeye alikuwa akikata chuma, wala hakuna aliyesikia. Mama huyo hakuwa na jeshi wala kiti. Alijua tu kwamba mlafi hagusi pumba.

Lililoshindwa na watu wazima likatwishwa kijana. Sultani alimwita mtoto wa Liyongo, akamwahidi cheo na binti yake, akamtuma kumwuliza babake ni kitu gani kinachoweza kumwua. Wengi humlaani kijana huyu, na sina la kumtetea, lakini nionavyo ujumbe ule haukuwa wake. Utendi wasema Liyongo alimtambua, akamwambia kuwa amedanganywa, kisha akamweleza: sindano ya shaba, kitovuni. Hapa wafasiri wa karata wangesema mpanda farasi hajui kurudi nyuma. Mimi naona baba aliyechoka kumshuku mwanawe.

Kijana alingoja muda mrefu, kila akikaribia babake huamka, hata siku moja akamkuta amelala chali. Liyongo alishtuka, akatwaa upinde na mshale, akaenda karibu na kisima, akapiga goti, akafa hivyo hivyo mshale ukiwa tayari. Watu hawakuthubutu kuteka maji. Siku zikapita mji una kiu, mpaka akaletwa mama yake, akamsihi kwa maneno ya upole, mwili ukaanguka. Mtoto hakupewa cheo wala binti. Alifukuzwa, akarudi kwa Wagala kwa wajomba zake, akaugua akafa. Kaburi la babake wazee wa Kipini na Ozi wamekuwa wakilionyesha kwa wageni, refu kupita makaburi ya kawaida.