Humphry Davy na gesi iliyoitwa ya kucheka

Vijana wanaopenda mbio za magari huiita nitro. Madaktari wa meno huiita gesi ya kucheka. Wanakemia huiandika N2O tu: nitrojeni mbili zilizoshikana na oksijeni moja. Ni gesi ileile, na mtu wa kwanza kuichunguza kwa kina alikuwa kijana wa miaka 20, mtoto wa mchonga mbao, aliyependa mashairi karibu sawa na kemia. Ndiyo maana habari zake zinatuhusu hata sisi wa kitivo cha lugha. Humphry Davy aliandika mambo mawili makubwa juu ya gesi hiyo, lakini jina la mzaha lililoishika liliyafunika yote mawili.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 huko Penzance, mji mdogo wa bandari katika Cornwall, Uingereza. Baba yake alifariki mwaka 1794 akaacha madeni, na mama akabaki na watoto watano. Mwaka uliofuata Humphry, aliye mkubwa wao, aliwekwa kwa mganga mpasuaji wa mjini ajifunze kazi. Kifaransa alikipata kwa padri mkimbizi, na mwishoni mwa 1797 alifungua kitabu cha Lavoisier katika lugha hiyohiyo. Sisi tunaosoma karibu kila somo kwa lugha tuliyoikuta shuleni tunajua uzito wa jambo hilo. Davy aliingia kemia kwa mlango wa lugha ya kigeni, na muda mfupi baadaye alikuwa tayari akiandika kumpinga Lavoisier, aliyedai kwamba joto ni dutu ya aina yake.

Oktoba 1798 daktari Thomas Beddoes alimwita Bristol, kwenye taasisi iliyokusudia kutibu wagonjwa kwa kuwavutisha gesi mbalimbali. N2O ilikwisha kupatikana mikononi mwa Joseph Priestley mwaka 1772, lakini daktari mmoja wa Marekani alikuwa ameitangaza kuwa ndiyo sumu inayoeneza maradhi. Davy aliona njia moja tu ya kumaliza ubishi: aliivuta mwenyewe, Aprili 1799. Hakufa. Alijawa na furaha, akacheka, akarukaruka chumbani. Baadaye waliivuta pia washairi Southey na Coleridge, kutoka kwenye mfuko wa hariri, na jioni za Bristol zikawa na kelele. Ujasiri huo ulikaribia kumponza, kwa kuwa siku nyingine alivuta gesi yenye monoksidi ya kaboni akaponea chupuchupu. Urafiki na washairi ulikuwa wa kweli. Wordsworth, ambaye walikuwa hawajaonana, alimtumia kazi ya kusahihisha nukta na mikato katika toleo la pili la Lyrical Ballads. Ni wanakemia wangapi wa leo wangepewa kazi kama hiyo?

Mwaka 1800 alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 500 juu ya gesi hiyo. Watu walikimbilia sehemu ya vicheko. Mimi ningeanza na sehemu ya moto, ambayo fundi wa garaji angeielewa upesi kuliko mshairi. Davy alitia salfa inayowaka ndani ya gesi. Ile iliyowaka kwa unyonge ilizimika, na ile iliyokuwa imeshika moto vizuri iliwaka kwa nguvu kuliko hewani. Maana yake ni kwamba gesi hii haiachii oksijeni yake mpaka ikutane na joto la kutosha, na ikilipata huachia nyingi. Kwa uzito, oksijeni ni karibu asilimia 36 ya gesi hii, na katika hewa ya kawaida ni karibu 23.

Gari la mbio linaishi juu ya jambo hilo. Moteri haikosi esansi, kwa kuwa esansi ni rahisi kuiongeza. Inachokosa ni hewa ya kuiunguzia. Turbo, ambayo Alfred Büchi wa Uswisi aliipatia hataza mwaka 1905, hutumia moshi unaotoka kuzungusha gurudumu la mapanga, nalo likazungusha jingine linaloshindilia hewa kwenye silinda. Hata hapa Lubumbashi, karibu mita 1,200 juu ya bahari, gari lenye turbo husikia kidogo wepesi wa hewa kuliko lisilo nayo. Lakini turbo ina kasoro mbili. Moshi ukiwa mchache inachelewa, hivyo dereva anakanyaga na gari linasubiri. Tena hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na hewa yenye joto hubeba oksijeni kidogo.

Gesi ya Davy huzijibu zote mbili. Imo ndani ya chupa ya chuma ikiwa kimiminika, na ikifunguliwa kwenye njia ya hewa huchemka kwa nyuzi 88 chini ya sifuri na kuipoza hewa iliyo karibu nayo. Ikifika ndani ya silinda hukutana na joto, huvunjika na kutoa oksijeni yake, kama ilivyofanya kwa ile salfa. Moshi huongezeka mara moja na turbo huamka. Faida ya moja huzidishwa na ya nyingine, na hatari pia. Esansi isipoongezwa kwa kipimo, au cheche ya bugi isipocheleweshwa kidogo, moteri huanza kugonga na pistoni zinaweza kuyeyuka. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliitia gesi hii kwenye baadhi ya ndege zao, ambazo moteri zake zilikwisha kuwa na mashine za kushindilia hewa, ili zisikose nguvu mahali pa juu sana.

Jambo la pili ni zito zaidi. Davy aliumwa jino la mwisho, akavuta gesi, na maumivu yakapungua. Karibu na mwisho wa kitabu alipendekeza kwamba gesi hii ijaribiwe katika upasuaji usiomwaga damu nyingi. Wakati huo watu walikatwa miguu wakiwa macho, wameshikwa na wanaume wenye nguvu. Hakuna aliyeijaribu. Gesi ilikwenda kwenye vyumba vya starehe na kwenye maonyesho, na mwaka 1802 mchora vibonzo Gillray aliichekesha London nzima kwa picha ya wanasayansi na gesi yao. Kitu kikishaitwa cha kucheka, nani atakipeleka kwa mgonjwa? Lakini tusilibebeshe jina lawama yote. Davy mwenyewe alikuwa ameondoka: mwaka 1801 aliitwa kufundisha Royal Institution ya London, na umeme ukamteka.

Huko alipata utukufu. Mwaka 1807 alitenga potasiamu na sodiamu kwa umeme, na mwaka uliofuata kalsiamu, magnesiamu, bariamu na strontiamu. Mwaka 1810 alionyesha kwamba gesi moja ya rangi ya kijani-njano ni elementi, akaiita klorini kutokana na neno la Kigiriki la rangi hiyo. Hapo naona mtu aliyejifunza kuogopa majina: Lavoisier aliita oksijeni mzaa-asidi, na nadharia hiyo ilipoanguka jina lilibaki likisema uongo. Rangi haina nadharia. Taa yake ya mwaka 1815, iliyowakinga wachimbaji wa makaa ya mawe na milipuko, alikataa kuichukulia hataza.

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Msaidizi wake Michael Faraday, aliyeingia kazini mwaka 1813 baada ya kuwa mjalidi wa vitabu, ndiye aliyefaulu mwaka 1823 kugeuza gesi kadhaa kuwa vimiminika, mojawapo ikiwa N2O. Bila hatua hiyo hakuna chupa ya kupakia nyuma ya gari. Davy alidai sehemu ya sifa, na Faraday alipopendekezwa kuingia Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wake, alimpinga. Faraday aliingia hivyohivyo mwaka 1824.

Davy alifariki Geneva tarehe 29 Mei 1829, akiwa na miaka 50. Miaka 15 baadaye, Desemba 1844, daktari wa meno Horace Wells alikwenda kutazama onyesho la gesi ya kucheka mjini Hartford, Marekani. Mtu mmoja aliyeivuta alijiumiza mguu na hakusikia chochote. Wells hakucheka. Kesho yake alivuta gesi hiyo akang'olewa jino lake mwenyewe.