Freddie Mercury: Mtoto wa Unguja aliyejificha ndani ya santuri

Ule mdundo wa kukanyaga chini mara mbili na kupiga kofi moja, kila mtoto wa Eastlands anaujua. Uwe umesomea Dandora, Umoja au Kayole, umewahi kuupiga kwenye dawati mwalimu akitoka nje. Lakini wachache mtaani wanajua kwamba jamaa aliyeuimba alizaliwa Unguja, kusini kidogo tu mwa Mombasa, na kwamba jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara.

Dunia inamjua kama Freddie Mercury, sauti ya bendi ya roki ya Queen. Alifariki zaidi ya miaka 30 iliyopita, na wengi wetu tunamjua kupitia Greatest Hits ya 1981, albamu iliyouzwa kuliko nyingine yoyote Uingereza, zaidi ya nakala milioni saba. Mimi hukusanya santuri, na ubishi wangu unaanzia hapo. Greatest Hits imekusanya vibao lakini imempoteza mtu. Freddie hakupenda mahojiano, na Zanzibar aliitaja kwa nadra sana. Ukitaka kumjua huyu msee, sikiliza albamu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa miaka.

Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Babake alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni katika Mahakama Kuu. Akiwa na miaka kama minane hivi, mtoi alipandishwa meli kwenda shule ya bweni Panchgani, India. Huko ndiko alikoiva kwenye piano, akaanza bendi yake ya kwanza, The Hectics, na wenzake wakamzoea kama Freddie.

Alirudi Unguja 1963. Mwaka haukupita vizuri kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964. Familia ikafunga virago na kukimbilia Feltham, viungani mwa London. Freddie alikuwa na miaka 17.

Maisha ya Feltham hayakuwa ya kifalme. Alibeba mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege wa Heathrow, akasomea uchoraji na ubunifu chuo cha Ealing, kisha yeye na rafiki yake Roger Taylor wakawa wanauza nguo kuukuu kwenye soko la Kensington. Ndiyo, mitumba. Mtu wa Gikomba anaielewa hiyo hustle bila kuelezwa.

Mwaka wa 1970 aliungana na Taylor wa dramu na Brian May wa gita. Yeye ndiye aliyechagua jina Queen, akachora nembo ya bendi, na kuliacha jina la Bulsara akajiita Mercury. John Deacon akaingia na gita la besi 1971, na hao wanne hawakuachana tena.

Albamu ya kwanza, Queen, ilitoka tarehe 13 Julai 1973. Ni nzito, ina nguvu, lakini bado wanajitafuta. Kazi yenyewe ni Queen II ya Machi 1974. Hii santuri haina upande A na B, ina Upande Mweupe na Upande Mweusi, na ule Mweusi wote umetungwa na Freddie. Nyimbo zinageuka kila dakika, sauti zimerundikwa juu ya sauti, na hadithi ni za malkia na nchi za kufikirika. Wakosoaji wengi wa wakati huo waliiona kama kelele za kujionyesha. Mimi husikia kijana aliyepoteza kwao akiwa na miaka 17, sasa anajijengea nchi ambayo hakuna mtu atamfukuza.

Novemba mwaka huo huo wakatoa Sheer Heart Attack. Ni fupi, kali, na ina Killer Queen. Kama unataka kumwingiza rafiki yako kwenye Queen, mpe hii.

Wengi watakuambia kilele ni A Night at the Opera ya 1975, kwa sababu ya Bohemian Rhapsody. Ngoma ya karibu dakika sita, ambayo wakubwa wa kampuni ya rekodi waliona ni ndefu mno kwa redio, ikakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Ndani yake kuna neno la kumtaja Mungu ambalo mtoto yeyote wa Mji Mkongwe hulisikia kila siku. Hata hivyo, kama albamu nzima, mimi naiweka chini ya Queen II. Kuna nyimbo mle za utani ambazo ukishazicheka mara moja, basi. A Day at the Races ya 1976 imetulia zaidi. Somebody to Love utadhani ni kwaya nzima ya kanisa, kumbe ni watu watatu tu wakirudia sauti zao.

News of the World ya 1977 ndiyo yenye ule mdundo wa dawati, ambao kwa kweli ulitungwa na Brian May. Wimbo wa ushindi unaoufuata ndio wa Freddie. Mwaka wa 1978 ikaja Jazz. Wengi waliiponda, lakini weka sindano mwanzo wa upande wa kwanza. Mustapha inafunguka kwa sauti kama ya mwadhini, maneno ya Kiarabu yamechanganywa na mengine ya kubuni. Hapo ndipo Unguja inapotoka kooni mwake wazi kuliko popote pengine.

The Game ya 1980 iligeuza mambo. Majalada yao ya miaka ya 70 yalijisifu kwamba hawatumii vinanda vya kielektroniki, sasa wakavitumia. Besi ya Deacon kwenye Another One Bites the Dust ilimfikia Grandmaster Flash, aliyeichanganya kwenye rekodi yake ya 1981. Kwa hivyo wewe shabiki wa hip hop ya Dandora, usiseme Queen haikuhusu. Hot Space ya 1982 ilienda mbali zaidi kwenye disko na mashabiki wa roki wakakasirika. Sikio la Nairobi litaipokea vizuri kuliko walivyoipokea wao.

Halafu kuna doa. Oktoba 1984 Queen walitumbuiza Sun City, Afrika Kusini ya makaburu, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Mzaliwa wa Afrika kuimba pale, hiyo haina kisingizio. Miezi tisa baadaye, 13 Julai 1985, waliingia Wembley kwenye Live Aid, tamasha la kuchangia waathiriwa wa njaa majirani zetu Ethiopia. Kwa dakika kama 20, Freddie aliuendesha uwanja mzima kwa mkono mmoja.

Tamasha lake la mwisho na Queen lilikuwa Knebworth, Agosti 1986. Mwaka uliofuata akajua ana Ukimwi. Alikuwa amempenda Mary Austin, aliyebaki rafiki wa karibu mpaka mwisho, na baadaye wanaume, wa mwisho akiwa Jim Hutton. Hayo aliyaweka nyumbani, na ugonjwa pia. Sisi tunaujua huo ukimya. Eastlands ya miaka ya 90 watu walizikwa ikisemwa ni kifua au wamerogwa, na serikali yetu ilikuja kutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwaka wa 1999.

Innuendo, ya Februari 1991, aliiimba mwili ukimwisha. Sauti haikonyeshi. Tarehe 23 Novemba alitangaza ugonjwa wake, na siku iliyofuata akaaga dunia, akiwa na miaka 45.

Kwao hakukumpokea haraka. Mwaka wa 2006 sherehe ya kumkumbuka Zanzibar ilifutwa baada ya kundi la kidini kuipinga. Ilibidi tungoje mpaka 2019 makumbusho yake yafunguliwe Shangani, tena kwenye Barabara ya Kenyatta. Wengine bado wanasema si wetu, kwamba aliondoka na kutusahau. Lakini mtoto anayekimbizwa na historia akiwa na miaka 17 hadaiwi barua za kila mwezi.

Kwa hivyo wikendi hii, uwe na mashine ya santuri au bando tu la simu, cheza Queen II, kisha Jazz, kisha Innuendo, bila kuruka wimbo. Ukimaliza ndio uniambie kama huyu alikuwa Mwingereza.